Naomba ushauri: nibaki na mwalimu wangu au niende kusomea saratani?

Wakubwa na ndugu zangu, mimi ni daktari kijana hapa Bukavu. Mzee aliyenilea kazini, daktari wa upasuaji, ndiye aliyenifundisha nivute kiti, nikae karibu na mama, ndipo nimwambie majibu ya kipimo cha titi. Hilo halimo kitabuni! Sasa anataka nibaki naye. Wenzangu wananisukuma niende Butaro, Rwanda, kituo cha saratani kilichofunguliwa 2012, nijifunze dawa za kemo, zile zinazoua seli za saratani, au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye tiba ya mionzi. Wagonjwa wetu wengi wanafika uvimbe umeshakuwa kidonda. Kisu peke yake hakitoshi. Mliopitia hili, mlimuagaje mwalimu bila kumvunja moyo? Na huko ugenini nani aliwapokea?