Core i5-12400 au Ryzen 5 5600G: kikundi chetu kinunue ipi?

Mleta mada, Kisumu
Habari zenu wadau. Kikundi chetu hapa Kondele kimechanga pesa za kompyuta nne za mezani. Mchana ni kazi ya saiba, jioni tunahariri video za harusi na matanga. Bei ya prosesa hizi mbili imekaribiana mno, na tumegawanyika. Mimi niko upande wa i5.

Zote zina viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), kwa hiyo kuhesabu hakumalizi ubishi. Kinachonivuta ni Quick Sync, sehemu ndani ya i5 inayofungua na kubana video bila kuvichosha viini, mradi programu ya kuhariri iikubali. Mpiga picha wetu hurekodi H.265 ya biti 10, rangi 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi. Grafiki za i5 hii, yaani sehemu ya prosesa inayotoa picha kwenye skrini, zinaifungua zenyewe, lakini za 5600G haziwezi, mzigo wote unarudi kwa viini. Ukivuta video mbele, picha inakwama, sauti inaendelea, na bibi harusi amesubiri wiki tatu.

Mchangiaji, Kakamega
Dada, umesahau vijana wa michezo. Grafiki za Vega ndani ya 5600G zinaiacha i5 mbali. Ila weka vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16, kwa sababu grafiki hizo hukopa RAM na vijiti viwili hufungua njia mbili. Tena i5 ikikazana hufika wati 117. Stima ikipotea, UPS yenu, ile betri ya akiba, itadumu?

Mchangiaji, Nakuru
Mimi nawaomba msome herufi. Niliuziwa i5 "ile ile" kwa bei nafuu kidogo. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi tii. Tukabadilisha waya, tukabadilisha skrini, tukachomoa RAM na kuirudisha. Mwisho fundi akang'oa feni, akapangusa ile dawa ya kijivu kwa kitambaa, akanionyesha kwa tochi ya simu: 12400F. F haina grafiki, lazima ununue kadi ya grafiki ya pembeni. Upande wa Ryzen ni kinyume: 5600 bila G ndiyo isiyo na grafiki.

Mleta mada, Kisumu
Asante sana ndugu wa Nakuru, dukani nitataka kuona boksi kabla ya kulipa.

Kaka wa Kakamega, kwa michezo nakubali, na kama saiba yetu ingeishi kwa michezo ningenunua 5600G leo. Lakini wati 117 ni kilele. Mtu akijaza fomu za kodi za KRA haikaribii huko, na stima ikipotea sisi tunahifadhi kazi na kuzima, hatuendelei kuhariri kwa UPS. Aliye na 5600G inayohariri 4:2:2 bila kukwama, bila kadi ya pembeni, aje nayo Kondele kabla ya Jumamosi. Nitamletea faili zetu kwenye flashi, tuiwashe mbele ya wanakikundi wote.