Mjadala: Reli ya Tanga hadi Arusha ipewe mwendeshaji wake, au tuiache isubiri reli mpya ya SGR?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni tangu nipite Makanya, wilayani Same. Nilisimama kunywa chai nikawa nawaangalia vijana wanapakia jasi kwenye lori kwa makoleo. Kila wakichota, vumbi jeupe linawapaka hadi kwenye kope. Nyuma yao, mwendo wa kutupa jiwe, reli imelala kimya. Nilikaa pale saa nzima na ushei. Lori la kwanza likaondoka, la pili likasogea mahali pake, reli hakuna aliyeigeukia.

Saruji haisagwi bila jasi. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe, Tanga. Wanaojenga wako Moshi na Arusha. Maana yake kuna mzigo wa kupanda na mzigo wa kushuka, na njia ya reli inapita kote huko. Mfanyabiashara yeyote wa usafiri anajua gari likirudi tupu ndipo faida inapokwisha. Hapa tuna njia yenye mzigo pande zote mbili, halafu tunaitazama kama kumbukumbu ya Mjerumani.

Kumbukeni ilivyojengwa. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na Waingereza ndio walioifikisha Arusha mwaka 1929. Ilipanda kipande kwa kipande ikifuata mashamba. Hata pale Tengeni palikuwa na kireli chembamba cha kwenda Sigi, chini ya Amani, kazi yake kubwa ikiwa ni kushusha mbao. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati kupitia Ruvu. Baadaye treni zikakoma kwa miaka mingi, hadi Julai 2019 mizigo iliporudi, na saruji ndiyo iliyotangulia kupanda. Desemba mwaka huo abiria wakafika Moshi, na mwaka 2020 wakafika Arusha. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa hoja yangu. Shirika la Reli, TRC, lina SGR ya kuendesha na kujenga, lina Reli ya Kati, na hii ya Tanga ni mtoto wa mwisho kwenye sahani moja. Napendekeza ipewe daftari lake: mwendeshaji wa mizigo tu, mdogo, mwenye ofisi Korogwe au Tanga, mwenye vichwa vyake vichache vya treni na mabehewa yake, anayelipa TRC kwa kutumia njia. Ardhi, njia na madaraja vibaki vya umma. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 imeshafungua mlango kwa waendeshaji binafsi.

Marekani walipita hapa. Baada ya Sheria ya Staggers ya mwaka 1980 kulegeza masharti ya biashara ya reli, makampuni makubwa yaliachia matawi yasiyowalipa, na kampuni ndogo zikayachukua. Leo ziko takriban 600, na zinashika karibu asilimia 30 ya mtandao wa reli za mizigo wa nchi ile. Kazi yao ni kuokota mabehewa mawili hapa, matano pale, na kuyakabidhi kwa reli kubwa. Mzigo ambao mkubwa anaudharau ndio unaomlisha mdogo.

Karibuni. Mnaopinga nataka kuwasikia zaidi.

Dereva, Himo

Kaka, nimekusoma vizuri, na mimi ni mmoja wa hao unaotaka kuwanyang'anya mzigo, kwa hiyo niwie radhi nikisema wazi.

Lori linapiga honi mlangoni kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Treni inamwachia mfuko stesheni. Pale stesheni lazima atafute gari jingine, awalipe wapakiaji, na akifika dukani awalipe wapakuaji. Mfuko wa saruji kila ukishikwa unachoka. Mara ya tatu unapasuka, na hasara ya mfuko uliopasuka haibebwi na reli. Mimi mteja akinipigia saa mbili usiku, asubuhi niko getini. Behewa litasubiri wenzake kumi na tisa wajae.

Halafu tazama Segera, tazama Mombo. Wale kina mama wa chakula, mafundi wa matairi, vijana wa kuosha magari, wote wanakula kwa malori. Hilo nalo liwekwe kwenye hesabu yako.

Mkazi wa Tanga mjini

Kwangu mimi tunapoteza muda. Njia hii ya upana wa mita moja ni nyepesi na imechoka. Bandari yetu imeshachimbwa na kuongezwa kina, meli zinatia nanga gatini. Tunachohitaji ni SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma, iliyomo kwenye mipango siku nyingi. Mkimpa mtu hii ya zamani mkataba mrefu, atakuja kudai fidia siku SGR inaanza.

Mstaafu wa reli, Korogwe

Wanangu, nimesoma kimya, sasa niseme. Nilianza kazi gengi, kundi la watunza njia, na kazi ya gengi ni kutembea. Asubuhi unatoka na nyundo na spana, unapita kipande chako unakaza vifungio, unatazama taruma lililooza, ule mti unaolaliwa na reli, unasikiliza reli inavyolia ukiigonga. Kabla ya masika mnafukua kalavati zote, zile za kupitisha maji chini ya reli. Maji ya milima ya Pare na Usambara hayaji polepole. Yanashuka na mawe na miti, na kalavati ikiziba yanapita juu, asubuhi mnakuta reli inaning'inia hewani haina tuta. Tuliokuwa gengi tulijua kila kalavati kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na mwendeshaji mdogo. Ugomvi wangu ni swali la nani atalipa gengi. Mwaka 2007 nchi ilikabidhi reli kwa kampuni ya TRL, kampuni ya RITES ya India ikiwa na asilimia 51 ya hisa, mkataba wa miaka 25. Hadi mwaka 2011 ulikuwa umekwisha na serikali imerudishiwa hisa. Kenya na Uganda nao wakaipa kampuni ya Rift Valley Railways, RVR, mwaka 2006, hadi 2017 mkataba umevunjika. Mkiandika mkataba mwingine, andikeni gengi kwanza, treni baadaye.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Umenirekebisha, na nakubali. Niliandika kuhusu vichwa na mabehewa nikasahau mtu anayetembea na spana. Ila naona tofauti moja. TRL na RVR walipewa reli za nchi nzima, njia na treni pamoja, wakategemewa waikarabati yote kwa mapato ya treni zile zile. Ninachosema mimi ni kipande cha takriban kilomita 440, njia inabaki kwa TRC, na ada ya kila treni inayopita iende kwenye mfuko wa gengi la kipande hicho, isipelekwe kokote kwingine. Ikiandikwa hivyo, mwendeshaji mwenyewe atakuwa wa kwanza kulalamika kalavati zikiziba.

Ndugu yangu wa Tanga, SGR naitaka kama wewe. Lakini tuta la SGR halijamwagwa Korogwe, na jasi inapakiwa leo. Mkataba uwe wa miaka michache, wenye kifungu kinachosema SGR ikifika mwendeshaji anahamia huko au anaondoka bila fidia. Na hata siku hiyo, kokoto na saruji za kuijenga zitapanda kwa njia ipi?

Kaka wa Himo, wewe ndiye uliyenipa kazi ngumu. Duka la mifuko mia mbili sitakunyang'anya, lile ni la lori na litabaki la lori. Nazungumzia mzigo wa jumla. Treni ya mabehewa 20, kila moja tani 40, ni tani 800. Lori la tani 30 litahitaji safari 27 kuubeba. Mzigo huo ukishushwa kwenye ghala Moshi, nani atausambaza Himo, Rombo, Marangu, Hai? Ni nyinyi, kwa safari fupi, na jioni unalala kwako badala ya kulala chini ya trela Segera. Kina mama wa Mombo sina jibu lao la haraka, na sitajifanya ninalo. Stesheni ya Mombo ikichangamka watapata baadhi ya wateja, si wote.

Kitu kimoja kitaamua kama hili linawezekana: saidingi, yaani njia ya pembeni ya kuingizia mabehewa. Behewa likiingia hadi kwenye machimbo Makanya na likatoka hadi ndani ya ua wa kiwanda, hakuna kubeba mara mbili, na hoja ya mfuko kupasuka inabaki upande wa Moshi tu. Bila saidingi, dereva ameshinda mjadala huu na mimi nitakubali.

Wenye malori ya jasi mko humu? Mnalipwa kiasi gani kwa tani kutoka Makanya hadi Tanga, na mnarudi na nini? Leteni namba tupige hesabu hapa hapa. Na mzee, ukipata nafasi tuambie hapo Makanya palikuwa na njia ya pembeni, na pointi zake za kubadilishia njia zilikaa upande gani.