Mwalimu wa kemia nataka kuwa mkuza mitaala: nianzie wapi?

Ndugu wanajamvi, nimefundisha kemia katika sekondari ya kata kwa miaka tisa. Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, wenzangu huniletea muhtasari wa somo niwafafanulie, nami nimeipenda kazi hiyo kiasi cha kutamani ajira ya ukuzaji mitaala pale Taasisi ya Elimu Tanzania. Nina shahada ya kwanza tu, na ninahofu kwamba nikiweka chaki chini nitasahau darasa lilivyo. Naomba ushauri.

Mchangiaji wa kwanza
Mwalimu, niliwahi kuitwa katika jopo la uandishi wa mitaala nikiwa bado nafundisha, na ufundi wangu wa kueleza ubaoni haukunifaa sana. Kule unamwandikia mwalimu usiyemwona, mwenye wanafunzi sabini, asiye na maabara, ambaye kengele italia kabla hajamaliza. Tulibishana asubuhi nzima juu ya sentensi moja iliyomtaka mwanafunzi “kuelewa” asidi na besi, kwa sababu hakuna anayeweza kupima kuelewa. Mwishowe tukaandika kwamba atengeneze kiashiria, yaani maji yanayobadili rangi yakikutana na asidi au besi, kwa maua ya rozela na kukitumia kutofautisha maji ya limau na maji ya majivu. Chukua mada moja, uiandike kuanzia umahiri mahususi (kile mwanafunzi anachopaswa kuweza kufanya) hadi vigezo vya upimaji na idadi ya vipindi, kisha umpe mwalimu wa shule nyingine aifundishe bila wewe kuwapo. Atakapokwama, ndipo ulipokosea.

Mchangiaji wa pili
Naongeza kwamba usiupuuze upimaji. Mtaala wa 2005 nao ulihimiza umahiri, lakini wengi wetu tuliendelea kutunga maswali ya kukariri. Ukipata nafasi ya uzamili, chagua mitaala au upimaji, si kemia tupu. Nafasi zikitangazwa, hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na wewe uliye kazini barua yako ipitie kwa mwajiri. (Usiruke ngazi, utajuta.)

Mwenye uzi
Nawashukuru sana. Nimeamua kuanza na mada ya moli, kipimo cha kiasi cha dutu katika kemia, ambayo kila mwaka hunitesa mimi kabla ya kuwatesa wanafunzi. Je, yupo mwalimu wa kemia humu, hasa wa shule isiyo na maabara, atakayekubali kuifundisha muhula ujao na kuniandikia bila kunionea haya?