Mrejesho: Ubao wa kutunzia nyuzi na bobini

Niliuliza namna ya kuzuia nyuzi na bobini (vigurudumu vidogo vinavyobeba uzi wa chini wa cherehani) zisivurugane kwenye droo ya cherehani, nami nawashukuru kwa dhati mlionishauri nitengeneze ubao wa ukutani. Nimepigilia misumari mirefu yenye vichwa vidogo, kila mmoja ukielekea juu kidogo ili uzi usiteleze, na kwenye kila msumari hutangulia bobini, kisha hufuata uzi wa rangi ileile, jambo lililonipunguzia mno kazi ya kutafuta. Bobini zilizokuwa zikifumuka nimezivisha vipande vyembamba vya mpira wa maji, vilivyopasuliwa upande mmoja, navyo vinabana ncha barabara. Ubao uko mbali na dirisha, kwa kuwa jua hupausha rangi na kudhoofisha uzi.