MJADALA: Utafiti na sanaa kuhusu wanawake wa Kiyahudi vitengewe fungu lake, au vibaki kapu moja na historia nyingine?

Mleta mada

Wakuu, nina upande na nautaja mapema: naona vinastahili fungu lake, ofisi yake na watu wake. Chuo Kikuu cha Brandeis, Massachusetts, kina taasisi ya namna hiyo tangu 1997. Aliiasisi mwanasosholojia Shulamit Reinharz kwa msaada wa Hadassah, jumuiya ya wanawake iliyoanzia New York mwaka 1912, na inatoa ruzuku kwa watafiti na wasanii. Wanaopinga wanauliza: historia ya Wayahudi ni moja, kwa nini mnaikatakata?

Jibu langu ni Regina Jonas. Alizaliwa Berlin mwaka 1902, akasoma chuo cha elimu ya Kiyahudi cha mji huohuo, na mwaka 1930 akaandika tasnifu akiuliza kama sheria ya dini inamruhusu mwanamke kuwa rabi, yaani mwalimu na kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Alijibu kwamba inamruhusu, na ushahidi wake aliutoa kwenye vitabu vilevile wanavyosoma wanaume. Desemba 1935, rabi Max Dienemann akamthibitisha kuwa rabi huko Offenbach. Alihubiri, akafundisha, akawatembelea wazee na wagonjwa wakati marabi wengi walikuwa wamekimbia au kukamatwa. Mwaka 1942 akapelekwa Theresienstadt, kambi ya Wanazi, akaendelea kutoa mihadhara kambini. Mwaka 1944 akauawa Auschwitz.

Rabi Leo Baeck na daktari wa akili Viktor Frankl walikuwa naye Theresienstadt, wakanusurika, wakaandika na kuhutubia kwa miaka mingi. Katika maandishi yao hakuna jina lake. Sally Priesand alipothibitishwa kuwa rabi huko Cincinnati, Marekani, mwaka 1972, wengi waliamini hajawahi kutokea mwanamke mwingine kabla yake. Nyaraka za Jonas zilikuwa zimekaa tu kwenye hifadhi ya Ujerumani Mashariki, hadi ukuta wa Berlin ulipoanguka na mtafiti Katharina von Kellenbach akazifikia mwaka 1991.

Karatasi hazikupotea. Alikosekana mtu mwenye swali hilo kichwani, aliyelipiwa nauli ya kwenda kuuliza. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakuheshimu ila hapa tunapishana. Mwanahistoria S. D. Goitein alitumia miongo kadhaa kusoma karatasi kuukuu zilizotoka stoo ya sinagogi ya Ben Ezra, Cairo ya kale. Humo akamkuta Wuhsha, dalali aliyeishi karibu na mwaka 1100, binti wa mtu wa benki kutoka Alexandria. Mama yule alikuwa na mali yake, akazaa mtoto na mwanamume ambaye ndoa yao haikutambuliwa na jamaa, na Siku ya Upatanisho akatolewa sinagogini mbele za watu. Alipoandika wosia akaziachia sinagogi fedha, hata ile iliyomfukuza, akapanga mwalimu wa kumfundisha mwanawe dini, na baba wa mtoto asipate hata senti.

Nani alimlipa Goitein atafute wanawake? Hakuna. Alisoma kila karatasi kwa uaminifu, wanawake wakajitokeza wenyewe. Ninachohofia ni hiki: mkishajenga chumba cha wanawake, profesa wa historia "ya kawaida" atajiona ametua mzigo. Mwanafunzi akimuuliza habari za Wuhsha, ataelekezwa mlango wa pili.

Mchangiaji wa pili

Mimi kinachonikwaza ni Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. New York mwaka 1983 ulifanyika mkutano kuhusu wanawake walionusurika, Joan Ringelheim akiwa mmoja wa waandaaji. Mwandishi Cynthia Ozick alimpinga kwa barua: kwake waliuawa kwa sababu ni Wayahudi, swali la mwanamke au mwanamume ni kupotea njia. Mwaka 1998 Gabriel Schoenfeld akalirudia kwa ukali kwenye jarida la Commentary, akiwashutumu wasomi kwa kupeleka ajenda za leo kwenye makaburi ya jana. Naomba wanaounga mkono hoja wajibu hili bila kukwepa.

Mchangiaji wa tatu

Na hakuna aliyesema kwamba Hadassah ni jumuiya ya Kizayuni, yaani inayounga mkono taifa la Wayahudi huko Israeli. Anayelipa ndiye anayechagua maswali. Mimi sipokei utafiti wowote kabla ya kujua hilo.

Mchangiaji wa nne

Nawasoma nikiwa Uganda. Mnataja Berlin na New York, sisi tuna Abayudaya hapa Mbale, jamii ya Wayahudi wa Uganda iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, ibada ilifanywa kwa siri. Ibada ikihamia nyumbani, mwenye nyumba ni mama. Waliobaki wa umri ule ni bibi zetu, na umri hausubiri. Kama kuna fungu, lije na huku.

Mleta mada

Nashukuru wote. Kuhusu Goitein, ni kweli kabisa, na ile kazi naipenda. Lakini ukitegemea kila kizazi kitoe msomi wa uvumilivu ule, unategemea bahati. Hofu ya mlango wa pili naichukua kwa uzito: mwenye ruzuku afundishe kwenye idara za historia, asifungiwe kwenye jengo lake.

La Maangamizi ndilo kubwa. Emanuel Ringelblum aliongoza hifadhi ya siri ndani ya mtaa wa Wayahudi uliozungushiwa ukuta, Warsaw. Hifadhi hiyo ilimkabidhi Cecylia Słapakowa kazi ya kuchunguza maisha ya wanawake humo ndani. Majira ya 1941 na 1942 akawahoji mmoja mmoja: walipataje riziki, walilishaje watoto, walifanya nini waume walipotoweka. Alipelekwa kuuawa Treblinka kabla ya kumaliza. Sehemu ya hifadhi ile ilifukuliwa mwaka 1946, nyingine 1950. Kwa hiyo Schoenfeld akisema swali hili limebuniwa na maprofesa wa Marekani, anawanyang'anya waliokufa swali walilojiuliza wenyewe wakiwa na njaa. Hapo siwezi kurudi nyuma hata hatua moja.

Kuhusu fedha, Hadassah ni ya Kizayuni na haifichi. Ninachodai ni mtafiti awe huru kuchapisha hata kinachomuudhi mfadhili, na majina ya wanaogawa ruzuku yatangazwe.

Ndugu wa Mbale, hoja yako imenishinda nguvu. Kinasa sauti, mkalimani wa Kiganda, na posho ya haki kwa kijana wa hapohapo atakayewahoji bibi zake. Nakala ya kwanza ibaki Nabugoye, kwenye sinagogi ya Abayudaya, kabla nyingine yoyote haijapanda ndege.