Mawe 63 chini ya kitanda: nitayajuaje bila kupigwa tena?

Dereva wa Tunduma

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar–Tunduma, mwaka wa tisa huu. Gari likisimama wenzangu wanatafuta mama lishe, mimi naangalia chini. Nikiona jiwe lina rangi au linameta, nalitupia nyuma ya kiti. Lilianza moja, leo nina ndoo mbili na nusu chini ya kitanda. Jumapili niliyahesabu: 63. Mama watoto amenipa mpaka mwisho wa mwezi niamue, yeye au mawe.

Sitafuti utajiri. Nataka tu kujua nina nini. Mwezi uliopita nilimwonyesha dalali mmoja vijiwe vyekundu nilivyookota upande wa milima ya Uluguru. Akavigeuza kidogo juani, akasema "rubi hizi kaka", akataka elfu themanini za kupimisha. Nikampa hamsini. Hadi leo simu haipatikani, na viwili vikubwa aliondoka navyo.

Yanayoninyima usingizi ni haya. Hivyo vyekundu vilivyobaki, vitano, ukubwa wa punje ya mahindi. Moja la kijani, unaona upande wa pili, nililiokota Chalinze. Jeupe lenye mistari ya kahawia, la Songwe. Moja jepesi la kijivu, niliokota Tukuyu, watoto wanalielesha kwenye beseni. Jeusi moja zito mno, linanasa sumaku ya spika mbovu. Naamini ni kipande cha kimondo, maana Mbozi ni njiani kwangu. La mwisho lina umbo la tone la maji, nililitoa Isimila nilipompeleka mwanangu kutembea. Naanzia wapi?

Kidume cha Boma

La kijani tuma picha inbox mkuu, nina mteja.

Mchekechaji

Usiende inbox. Umeshapigwa hamsini, inatosha.

Nimekaa Mererani miaka sita, nikichekecha vifusi vya wenzangu. Kitu cha kwanza tulichofundishwa na wazee ni kutoiamini rangi. Kwatzi, lile jiwe gumu la kawaida lililojaa kila mahali, peke yake inakuja nyeupe, ya waridi, ya zambarau, ya moshi. Ukianza na rangi, kila chekundu ni rubi na kila cha bluu ni tanzanaiti, na tanzanaiti haijatoka popote duniani zaidi ya vile vilima vyetu vya Simanjiro.

Vijiwe vyekundu kwanza uangalie umbo. Hesabu nyuso. Kama kimejikunja kama mpira mdogo wenye nyuso 12 zinazofanana, hiyo ni ganeti, kito kingine chekundu. Rubi hukaa bapa au kama pipa, ukiitazama kwa juu ina pembe sita. Halafu usiku nenda kwa wakala wa pesa, muombe ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Rubi zetu nyingi zikimulikwa zinawaka nyekundu kama kaa la moto. Ganeti nyekundu inabaki imelala tu, chuma kilichomo ndani kinaizima.

Kidume cha Boma

Njia fupi ni asidi ya betri. Dondoshea, likibaki zima ni kito.

Mjiolojia Dom

Tafadhali usifanye hivyo. Asidi ya betri itakutoboa mkono na haitakuambia lolote. Kwatzi ya bure ya barabarani nayo itabaki nzima.

Asidi unayoihitaji ni siki au limao. Chukua lile jeupe la Songwe, likwaruze kidogo kwa kisu upate unga, dondoshea siki kwenye unga. Likitoa povu ni chokaa. Nina uhakika litatoa, kwa sababu kule kuna chemchemi za maji moto zinazopanda na chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu gesi inatoka, chokaa inabaki, tabaka juu ya tabaka. Hiyo mistari ya kahawia ni hizo tabaka. Wanalikata vigae, wanaliita marumaru, ingawa marumaru halisi ni chokaa iliyopikwa na joto na mgandamizo chini ardhini.

Jepesi la Tukuyu ni povu la volkano lililoganda. Rungwe imelitapika likiwa limejaa gesi, ndiyo maana limebaki na vitundu na linaelea. Bibi yako alisugulia nacho visigino.

La kijani shika lenzi, au geuza darubini uangalie kwa nyuma. Ukiona viputo vya mviringo, na sehemu iliyovunjika imepinda kama gamba la kombe, pole sana, ni chupa iliyoungua jaani.

Sasa hilo jeusi. Una mizani ya jikoni ya betri?

Dereva wa Tunduma

Ipo, mama watoto anauza keki. Nimeanza na mepesi. La Songwe limetoa povu mpaka watoto wamepiga makofi. La kijani lina viputo vitatu. Nimeumia kidogo, nilikuwa nalilaza kwenye pamba.

Vyekundu nimehesabu nyuso kwa kalamu nisichanganye, viwili vina 12 kamili. Kwa wakala vimelala usingizi. Kumbe dalali amekimbia na ganeti, na mimi nimemlipa nauli.

Mjiolojia Dom

Vizuri. La jeusi fanya hivi. Lipime kavu, andika gramu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, lining'inize lizame lote lakini lisiguse bakuli chini wala pembeni. Mizani itasoma namba mpya, ambayo ni uzito wa maji yaliyosukumwa, sawa na ujazo wa jiwe lako. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utajua jiwe ni zito mara ngapi ya maji.

Kwatzi itakupa karibu 2.65. Kimondo cha chuma kama kile cha Mbozi, ambacho kinakadiriwa kuwa na tani 16, kitavuka 7. Kisha kigeuze kigae cha sakafuni, upande wa nyuma usiong'aa, ulikwaruze jiwe hapo uniambie unga wake una rangi gani.

Mama Kokoto

Mimi nagonga mawe Kunduchi, sijasoma jiolojia. Nasema tu huyu kaka asije akapandwa na mzuka akachukua nyundo bila miwani. Mwenzangu jicho lake moja halioni, ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Na vumbi la mawe usilivute, loanisha kwanza. Shemeji naye umwombe radhi.

Dereva wa Tunduma

Asante mama, nimekusikia.

Kavu 144. Kwenye maji 30. Nimerudia mara mbili, mara ya kwanza uzi uliachia likatumbukia, keki ya mtu ikaloa. Unga mweusi tii.

Mjiolojia Dom

144 kwa 30 ni 4.8. Si kimondo. Lakini subiri kwanza, usikate tamaa, hili linanivutia kuliko kimondo. Unga mweusi na sumaku vinasema magnetiti, madini ya chuma yanayonasa sumaku, ila magnetiti safi inakaribia 5.2. Ya kwako imepungua kidogo. Uliokota wapi hasa?

Dereva wa Tunduma

Hapo ndipo nimekwama. Nilikuwa najiambia Mbozi, ila nimefungua daftari la safari na risiti za mafuta. Mwaka juzi nilishusha saruji Ludewa, nikalala huko siku mbili. Nadhani ni huko.

Mjiolojia Dom

Basi ni la Liganga, penye madini ya chuma huko huko Ludewa, kwa asilimia kubwa. Chuma cha Liganga kimechanganyika na titani, metali nyepesi kuliko chuma, ndiyo inayoshusha uzito, na kina metali nyingine, vanadi, pia. Neno "Ludewa" limenisaidia kuliko mizani. Ungeniletea hilo jiwe mezani bila neno hilo, ningeandika "magnetiti" na kunyamaza. Kila jiwe libandikie namba, na kwenye daftari uandike kijiji, mwezi, na lilikuwa mtoni, kwenye mwamba au kwenye kifusi cha barabara. Jina utalipata hata miaka kumi baadaye. Mahali ukishapasahau, basi.

Ukikwama kabisa, Dodoma kuna maabara ya GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, na kwa vito kuna Kituo cha Jemolojia Arusha. Huko utalipa kwa risiti.

Mchekechaji

Na kuhusu sheria: ukianza kuchimba, kununua au kuuza, lazima leseni. Uliza ofisi ya madini ya mkoa. Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi, pale hata kokoto usishuke kuokota, simba aliko utamkuta.

Mwalimu wa Historia

Nimesubiri mtu aseme na hakuna. Lile la Isimila, lenye umbo la tone. Lina ncha mbele, nyuma mviringo, kingo zote mbili zimemeguliwa vipande vidogo vidogo, na ukilishika linakaa kiganjani kana kwamba lilipimwa kwa ajili yako?

Dereva wa Tunduma

Ndiyo mwalimu. Kidole gumba kina sehemu yake kabisa.

Mwalimu wa Historia

Hiyo ni shoka la mkono, mtu alilichonga. Isimila ni eneo la Zama za Mawe, wataalamu walichimbua pale 1957 na 1958 wakakuta zana hizo kwa wingi, na zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hapo ulipolitoa palikuwa na taarifa yake: limelalaje, limezungukwa na nini. Najua hukukusudia. Lirudishe, uwaambie ulilitoa sehemu gani ya korongo.

Dereva wa Tunduma

Mrejesho, wakuu. Jumatano nilipita Iringa na zigo la mbolea, nikaacha lori mjini, nikachukua bodaboda mpaka Isimila. Mlinzi wa pale alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza lilikuwa wapi, tukashuka naye hadi korongoni nikamwonyesha. Kuliachia ilikuwa kazi, nimelizoea kiganjani.

Yaliyobaki yamekaa kwenye trei za mayai, kila moja na namba ya rangi ya kucha ya mama watoto. Kwa daftari na risiti nimepata mahali pa mawe 40. Yale 22 sikumbuki kabisa, nimekaa usiku mzima nayo, hakuna. Hayo amenipokonya, ameyapanga kwenye njia ya kwenda bafuni, mvua ikinyesha hatukanyagi tope.

Mama Kokoto

22 hayafiki bafuni. Nikutilie ndoo ngapi?