Tume "Huru" ya Uchaguzi: viazi vyetu, mizani ya mnunuzi

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela. Hili jambo limenikaa kooni tangu juzi, leo nalitema.

Juzi tuliitwa semina hapa Mbeya, ofisi siitaji. Tumekaa ukumbini tangu saa tatu, mgeni rasmi kafika saa tano na nusu. Mada: ushiriki wa mwananchi katika uchaguzi. Tukafundishwa kuhakiki jina kwenye daftari, kupanga foleni na kukunja karatasi, kama vile hatujawahi kupiga kura. Ulipofika muda wa maswali nikanyoosha mkono. Nikauliza, kabla Mwenyekiti wa Tume hajateuliwa, mimi mlima viazi wa Isyonje maoni yangu kuhusu mtu huyo nayapeleka wapi?

Ukumbi ukacheka. Mtoa mada naye akacheka. "Mzee wangu, hilo si la ngazi yetu. Wewe kapige kura." Kisha zikaletwa soda.

Sasa kama si la ngazi yao, ni la ngazi ya nani? Nikarudi nyumbani nikasoma mwenyewe. Ibara ya 74 ya Katiba: Rais anateua Mwenyekiti, Makamu na wajumbe. Rais huyohuyo akitaka muhula wa pili, picha yake iko kwenye karatasi ya kura. Nenda ibara ya 41(7): Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Yaani baada ya matokeo huna pa kwenda, na kabla ya uteuzi hakuna aliyekuuliza.

Mnaouza viazi mtanielewa haraka kuliko wale wa ukumbini. Mnunuzi anakuja shambani na kijana wake, mizani yake na gunia lake la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo. Kijana anasoma kilo, wewe unatajiwa tu. Inawezekana kijana ni mwaminifu kabisa, na msinilishe maneno, sijamwita jaji yeyote wa Tume mwizi. Ila ugomvi wa pale shambani huwa hauishi, kwa sababu mpimaji kaletwa na mwenye kununua na analipwa na mwenye kununua. Mwenye viazi kazi yake ni kushika kamba ya gunia!

Najua kuna mtu atakuja mbio kuniambia nimelala, sheria ilibadilishwa. Sijalala. Ni Sheria Na. 2 ya 2024, Bunge lilipitisha Februari, na kuanzia Aprili NEC, yaani Tume ya Taifa ya Uchaguzi, ikawa INEC, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, vibao vikapakwa rangi upya. Wameweka Kamati ya Usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu. Jaji Mkuu anateuliwa na nani? Rais. Kamati inapeleka mapendekezo kwa nani? Rais. Nimeipekua nikitafuta pale panaposema majina ya waombaji yabandikwe hata kwenye ofisi ya kata, mwananchi apewe siku kadhaa za kuleta pingamizi, usaili ufanyike watu wakiona. Sikupaona.

Jamani, ndoa ya kanisani inatangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aje aseme. Ndoa ya watu wawili! Huyu anakwenda kuhesabu kura za nchi nzima, jina lake tunalisikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ameshateuliwa, kesho anaapa.

Na msidanganyane kwamba wananchi hatujasema. Januari 2024 watu walikwenda Dodoma mbele ya kamati ya Bunge kutoa maoni kuhusu miswada ya sheria za uchaguzi, ukiwemo huu wa Tume. Februari yakafanyika maandamano hapahapa Mbeya, miswada ikiwa imeshapita. Tena twende nyuma zaidi. Mwaka 2012 Tume ya Jaji Warioba ilipokuja kukusanya maoni ya Katiba nilisimama nikasema habari ya tume ya uchaguzi, kijana mmoja akaandika kwa makini, nikaondoka kifua mbele. Rasimu ikatoka, ikaingia Bunge Maalum, 2014 ikatoka Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa. Naisubiri mpaka leo. Mjukuu aliyekuwa mgongoni kwa mama yake siku ile, sasa yuko sekondari.

Wa Kyela, nyie ndio mnanishangaza zaidi kwa ukimya, maana mnavuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi kila siku. Ng'ambo ya mto Songwe mwenyekiti wa tume ni jaji anayependekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Na bado wananchi hawakulala. Uchaguzi wa rais wa 2019 ulipoharibika waliandamana miezi, mahakama ikaufuta Februari 2020, na Mei mwenyekiti wao Jane Ansah akajiuzulu.

Kenya je? Mwaka 2025 nilikuwa natazama kwenye simu waombaji wa uenyekiti wa IEBC, tume yao ya uchaguzi, wakihojiwa mubashara, mtu anatoka jasho. Wakipita hapo Rais anachagua kati yao, aliyechaguliwa anakwenda bungeni, na mwananchi anaruhusiwa kupeleka pingamizi lake. Mtasema na Wakenya walipelekana mahakamani, tume ikakaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Ni kweli, na ule ulikuwa uzembe. Lakini mzozo wao ulikuwa mezani, kila mtu anauona. Wetu uko kabatini na ufunguo hatuna.

(La wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi msiniletee hapa. Lilikuwa na kesi yake 2019, na linastahili uzi wake.)

Sihitaji matusi wala "hamia Kenya". Ninachoomba ni kitu kimoja. Kama kuna mtu yeyote, awe Makete, Mufindi, Mbozi au Tunduma, aliyewahi kuona kwenye ubao wa kata au kijiji tangazo linalosema hawa ndio wanaoombea Tume ya Uchaguzi, mwenye neno alilete kabla ya tarehe fulani, aweke picha hapa chini. Nitaichapisha, niipeleke kwa yule mtoa mada, na soda nitanunua mimi.